Maarifa ya Shamba na Nyumbani: Kipimo cha Magadi Katika Maji

Katika miteremko ya Aberdare na ya Mlima Kenya, maji ya mito hushuka yakiwa baridi na laini. Sabuni hutoa povu upesi ndani yake, na chai iliyopikwa kwa maji hayo husifiwa na wageni. Lakini mwenye nyumba aliyeyaingiza katika mabomba huona baadaye mambo asiyoyatazamia. Ikiwa bomba ni la shaba, mahali tone linapoangukia hupata doa la kijani. Ikiwa bomba ni la chuma, nguo nyeupe hutoka katika karai zikiwa na alama za kutu. Tangi la mabati lililonunuliwa kwa fedha nyingi hutoboka kabla ya wakati wake. Fundi huitwa, huziba, na baada ya miezi michache huitwa tena. Bandu bandu huisha gogo, na tindikali kidogo iliyomo katika maji hula chuma vivyo hivyo.

Dawa ya ugonjwa huo iko, nayo yapatikana katika nchi ya Kenya yenyewe. Ni magadi soda. Lakini dawa hii ina masharti matatu: ijulikane ni magadi ya namna gani, ipimwe kwa uzito, na maji yachunguzwe baada ya kutiwa. Mtu asiyeyashika masharti hayo aweza kuyaharibu maji yaliyokuwa mazuri, na hasara yake haitakuwa ya tangi peke yake.

UKALI USIOONEKANA

Ndimu ni kali na ulimi huutambua ukali wake. Tindikali iliyomo katika maji ya mto au ya mvua ni ndogo mno, na ulimi hauwezi kuitambua. Kwa hiyo wataalamu hutumia kipimo kiitwacho pH. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mtaalamu wa Denmark aliyefanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Kwa kawaida huhesabiwa tangu 0 hata 14. Maji yaliyo sawasawa, yasiyoelemea upande wowote, husimama kwenye 7. Yakishuka chini ya 7 yameelekea tindikali, na yakipanda juu ya 7 yameelekea alkali, yaani upande wa majivu, chokaa na magadi.

Jambo moja huwapotosha watu wengi. Hatua za kipimo hiki si kama hatua za rula. Kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya pH 6 yana ukali wa tindikali mara 10 kuliko maji ya pH 7, na maji ya pH 5 yana ukali mara 100. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba maji yake yametoka 7 yakafika 5, asiseme kwamba hizo ni hatua mbili tu.

Hata mvua iliyo safi kabisa haina pH 7. Ikishuka hunywa hewa ya kaboni dioksaidi, ambayo ndiyo hewa watu waitoayo wakipumua, na kwa sababu hiyo pH yake huwa karibu 5.6. Maji hayo yakipita katika mawe yenye chokaa hupata alkali ya kuutuliza ukali huo. Yakipita katika mawe yasiyo na chokaa hubaki laini, wala hayana akiba ya kujikinga. Maji ya kunywa yafaa yawe kati ya 6.5 na 8.5.

MAGADI YA NAMNA GANI?

Ziwa Magadi liko kusini-magharibi ya Nairobi, katika Bonde la Ufa, upande wa Kajiado. Maji ya chemchemi za moto huingia ziwani na jua huyakausha, na juu ya ziwa hubaki ganda gumu la magadi mabichi. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, na reli ikajengwa toka Konza mpaka ziwani ili kuyachukua. Magadi hayo huchomwa katika tanuru mpaka maji na hewa iliyofungwa ndani yake vitoke, na unga unaobaki ndio magadi soda, yatumiwayo katika viwanda vya vioo na vya sabuni na katika mitambo ya maji. Kilo 100 za magadi mabichi yasiyo na uchafu hutoa kilo 70 hivi za magadi soda.

Basi magadi mabichi yauzwayo sokoni kwa ajili ya kulainisha maharagwe, na magadi soda ya kusafishia maji, si kitu kimoja. Yale ya sokoni yana udongo na chumvi, na nguvu yake hubadilika toka gunia hata gunia. Hata mtu akiyapima kwa mizani iliyo sahihi, hajui amepima nini.

Tena iko habari ya floraidi. Hii ni chumvi iliyomo kwa wingi katika maji mengi ya Bonde la Ufa na katika magadi yatokayo huko. Mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya ufizi, akinywa floraidi nyingi kila siku, meno hayo yatatoka yakiwa na madoa ya kahawia, wala hakuna mswaki utakaoyaondoa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huharibu mifupa pia. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja. Kuyachemsha maji hakuiondoi floraidi, na kuyachoma magadi katika tanuru hakuiondoi yote. Kwa hiyo anunuaye magadi soda kwa ajili ya maji ya kunywa aulize kama yamethibitishwa kwa kazi hiyo, naye aione hati yake. Yale ya kiwanda cha vioo yabaki kwenye vioo.

KAMATI YA MAJI

Mfano wa kamati moja ya maji, ambayo yaweza kuwa ya kijiji chochote cha milimani, utafaa kulieleza jambo hili. Kamati hiyo ilikuwa na tangi la lita 10,000 lililojazwa maji ya mto. Wakati wa mvua maji yalikuja na tope, nao wakayatia shabu, ile chumvi nyeupe ya kutulizia tope. Mwanzoni tope lilishuka vizuri. Baadaye, walipoongeza shabu kwa sababu mvua ilikuwa kubwa, tope halikushuka tena, na maji yakakaa na ukungu siku nzima. Walipoongeza shabu nyingine mambo yakazidi kuwa mabaya.

Sababu yake ni hii. Shabu ikitiwa katika maji hujigeuza kuwa madonge laini kama pamba, na madonge hayo hulikamata tope na kulishusha chini. Lakini katika kujigeuza huko hutoa tindikali, nayo huila alkali iliyomo katika maji. Maji laini ya milimani yana alkali kidogo. Ikiisha, pH hushuka, madonge hayaundwi, na shabu hubaki imeyeyuka katika maji ya kunywa. Shabu hufanya kazi vizuri pH ikiwa kati ya 6 na 7.5 hivi.

Karani wa kamati, kijana aliyekuwa amesoma kitabu kimoja cha mambo ya maji, alishauri wanunue magadi soda. Mwenyekiti, mzee aliyekuwa mfugaji wa miaka mingi, hakuona haja ya gharama hiyo.

"Magadi ni magadi," akasema. "Mama zetu wameyatia katika maharagwe tangu zamani. Sokoni yako tele. Na tutie mkebe mmoja wa kilo mbili kila tangi linapojaa, yaishe."

"Mzee, kwa heshima yako," akajibu karani, "ulipokuwa ukiwanywesha ng'ombe dawa ya minyoo, je, ulikisia kwa macho?"

"La, mwanangu. Nilimzungushia ng'ombe kamba ya kupimia kifuani, nikajua uzito wake, ndipo nikamimina dawa."

"Basi, mzee, tangi nalo ni ng'ombe. Likipewa kidogo haliponi, likizidishiwa laumia."

Mzee akacheka, akasema, "Haya, leta hiyo kamba ya kupimia tangi."

JARIBIO LA CHUPA TANO

Kamba ya kupimia tangi ni jaribio dogo ambalo kila kamati yaweza kulifanya mezani. Huyeyushwa gramu 10 za magadi soda katika lita moja ya maji safi, na gramu 10 za shabu katika lita nyingine. Hapo kila mililita moja ya maji hayo ya dawa ina miligramu 10. Bomba la sindano la plastiki, lililoondolewa sindano yake, hutosha kwa kupimia.

Kisha huwekwa chupa tano za kioo zenye mdomo mpana, kila moja ikiwa na lita moja ya maji ya mto. Chupa ya kwanza haitiwi magadi. Ya pili hutiwa nusu mililita, ya tatu mililita moja, ya nne moja na nusu, na ya tano mbili. Baada ya kukoroga, kila chupa hutiwa shabu kwa kipimo kilekile, kwa mfano mililita 4. Hukorogwa kwa nguvu muda wa dakika moja, kisha polepole kwa dakika 15, na kuachwa zitulie nusu saa. Mwisho pH hupimwa katika kila chupa kwa karatasi ya kupimia, ambayo hugeuka rangi na kulinganishwa na rangi zilizochapwa juu ya pakiti yake.

Kamati ile ilipofanya hivyo, chupa ya kwanza ilibaki na ukungu. Ya pili ilijitahidi. Ya tatu ilikuwa na maji meupe juu na tope lote chini. Ya nne na ya tano hazikuwa bora kuliko ya tatu. Basi shauri likakatika. Mililita moja katika lita moja ni miligramu 10, na katika lita 10,000 ni gramu 100 za magadi soda. Shabu, kwa hesabu ileile, ni gramu 400. Ule mkebe wa kilo mbili ungekuwa na uzito mara 20 kuliko kilichotakiwa.

Hesabu nyingine ya kukumbuka ni kwamba shabu, kwa wastani, huila alkali inayolingana na magadi soda yenye uzito wa nusu yake hivi. Gramu 400 za shabu zaweza kula gramu 210 za magadi. Lakini maji ya mto huu yalikuwa na alkali kidogo yake yenyewe, ndiyo maana gramu 100 zilitosha. Mto mwingine hautakuwa sawa na huu, na mto huuhuu hautakuwa sawa wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Kwa hiyo jaribio hurudiwa kila maji yanapobadilika.

Wengine huuliza kwa nini isitumiwe chokaa, kwa kuwa ni rahisi kwa bei. Chokaa hufaa, na mitambo mikubwa mingi huitumia. Lakini haiyeyuki vizuri, huacha mashapo, na huziba mirija midogo. Magadi soda huyeyuka yote, nayo hupimika kwa urahisi. Kwa tangi la kijiji wepesi huo hushinda bei.

KLORINI ISIDHOOFISHWE

Hapa ndipo penye hatari iliyo kubwa kuliko zote, ingawa wachache huijua. Maji yaliyokwisha kutulia hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Klorini ikiingia katika maji huwa na hali mbili, moja ina nguvu nyingi ya kuua vijidudu na ya pili ina nguvu kidogo. Kiasi cha kila hali huamuliwa na pH. Kwenye pH 7, kama robo tatu yake huwa katika hali yenye nguvu. Kwenye 7.5 ni nusu hivi. Kwenye 8.5 ni kama sehemu moja ya kumi tu.

Basi na aangaliwe mtu aliyetupa mkebe mzima wa magadi ndani ya tangi. Maji yake ni meupe, mabati hayali, na harufu ya klorini yasikika. Kila mtu kijijini aamini kwamba maji ni salama. Lakini klorini ile imefungwa mikono, na vijidudu vyapita mpaka katika kikombe cha mtoto. Kwa ajili hii hushauriwa kwamba pH isifike 8 wakati klorini inapofanya kazi yake, na kwamba ipewe nusu saa kwa uchache. Ikiwa maji yahitaji magadi zaidi ili yasile mabomba, hayo hutiwa mwisho, baada ya nusu saa hiyo kwisha.

MRUTUTU NA MSUMARI

Mkulima naye anayo kazi ya magadi soda shambani. Mwaka 1885 Pierre Millardet, mtaalamu wa mji wa Bordeaux huko Ufaransa, alitangaza habari ya kuchanganya mrututu na chokaa kwa kuikinga mizabibu na ukungu. Baada ya miaka michache wengine wakatumia magadi badala ya chokaa, na mchanganyiko huo ukaitwa wa Burgundy. Huzuia ugonjwa ule wa viazi unaokausha majani wakati wa mvua na baridi. Siku hizi madukani ziko dawa za shaba zilizokwisha kutengenezwa, lakini kanuni yake ni ileile.

Mrututu peke yake ni mkali, na ukinyunyizwa juu ya majani huyaunguza. Magadi huutuliza. Kwa lita 10 huyeyushwa gramu 100 za mrututu katika ndoo ya plastiki, na gramu 45 hivi za magadi soda katika ndoo nyingine. Maji ya magadi humiminwa polepole katika yale ya mrututu huku yakikorogwa, kwa maana hutoa povu. Kisha msumari uliosuguliwa ukang'aa huzamishwa kwa dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, ukali ungaliko, na magadi kidogo huongezwa. Ukitoka kama ulivyoingia, dawa iko tayari. Asizidishe, kwa maana alkali nyingi nayo huunguza majani. Dawa hii hutumiwa siku ileile, wala haiwekwi mpaka kesho.

Lakini mkulima asidhani kwamba kila dawa ya bomba yapenda magadi. Dawa nyingi za kuua wadudu, hasa za jamii ya oganofosfeti, huvunjika upesi katika maji ya alkali. Mtu aliyetia magadi katika bomba lake atanyunyiza maji matupu, kisha atamlaumu mwenye duka. Karatasi iliyobandikwa juu ya chupa ya dawa isomwe kwanza.

MAONYO MACHACHE

Unga hutiwa katika maji, si maji kumiminwa juu ya unga, kwa sababu unga hupata joto na kuganda kama jiwe. Vumbi lake huchoma macho na koo, basi miwani na kitambaa vyafaa. Likiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi bila kukawia. Vyombo vya alumini visitumiwe, kwa kuwa magadi huvila. Magunia yawekwe mahali pakavu, mbali na unga wa ugali na mbali na watoto.

Mwenye kisima, kabla ya kununua chochote, na ajaribu jambo lisilo na gharama. Ukali wa maji mengine ya chini ya ardhi hutokana na hewa ya kaboni dioksaidi iliyofungwa ndani yake. Maji hayo yakimwagwa toka ndoo moja hata nyingine mara kadhaa, au yakiachwa yaanguke kwa matone katika tangi, hewa hutoka na pH hupanda yenyewe.

Kamati ile ya kijiji iliandika kipimo chake juu ya ubao na kuutundika penye tangi: shabu gramu 400, magadi gramu 100, klorini baada ya maji kutulia. Chini yake mzee mwenyekiti aliagiza yaongezwe maneno haya: "Mtu asikisie." Mizani ndogo ya duka, pakiti ya karatasi za kupimia na chupa tano havizidi bei ya kumwita fundi mara moja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni lazima kibaba chenyewe kijulikane ukubwa wake.